Mafuta ya Uzio wa Babu

Kwetu, upande wa Songwa, nina sifa ambayo sikuitafuta. Inasemekana mimi ndiye mjukuu aliyemfanyisha kazi babu yake baada ya kuzikwa. Wanaosema hivyo husema wakicheka, na kinachowachekesha zaidi si kwamba babu alikuwa ameshakufa, bali kwamba hata alipokuwa hai kazi ilimshinda. Nimeamua kueleza mwenyewe ilivyokuwa, maana shangazi yangu anaieleza kwa sauti kubwa kila penye watu watatu, na kila akirudia, sehemu yangu inapungua.

Baba yangu ni fundi. Alipokuwa kijana alinunua injini ya dizeli kutoka kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa kinafungwa. Ni injini ya silinda moja, nzito, yenye gurudumu la chuma kila upande, na inawashwa kwa kuzungusha hendeli. Akaijengea kibanda cha matofali mbele ya nyumba, akaifunga mkanda kwenye kinu, na kwa zaidi ya miaka thelathini kijiji kizima kikasaga mahindi na mtama hapo. Yeye alikaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta wa kibanda, asubuhi mpaka jioni. Injini ikamlipa kwa kumla masikio. Aliacha kusikia ndege, halafu watu, halafu kengele ya kanisa ambako yeye ni mzee wa kanisa. Siku hizi ukimwita ukiwa hatua mbili nyuma yake hageuki. Kitu pekee anachokisikia bado ni ile injini yenyewe. Anasema anaisikia kwa mgongo, kwa meno, na kidogo kwa sikio la kushoto.

Kisha umeme ukafika senta. Mtu akafungua mashine ya umeme inayosaga upesi na kwa bei ndogo, wakati dizeli inapanda kila tukigeuka. Wateja wetu wakahama mmoja mmoja, wakipita mbele ya nyumba na ndoo zao kichwani na kutuamkia kwa aibu. Baba akazima injini akisema anasubiri mambo yatulie. Mambo hayakutulia. Nilipokwenda likizo ya mwezi wa sita kutoka Ngokolo, ninakofundisha kemia sekondari, injini ilikuwa na miezi minane haijaguswa, na baba nilimkuta kitandani saa tano asubuhi.

Hakuwa mgonjwa. Nilimwandikia kwenye daftari, maana ndivyo tunavyoongea naye: "Baba, mbona hujaamka?" Akasoma, akanijibu kwa ile sauti ya viziwi inayofika mpaka kwa majirani, "Niamke nikasikilize nini?"

Nilifunga daftari. Nilitoka nje nikajifanya natafuta maji ya kunywa.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa na jibu. Yeye anahangaika na dhahabu kule Segese, na alikuwa amepata mwenye karasha, yaani kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, anayetafuta injini ya zamani isiyochoka. Angekuja kuiona Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kaka si mtu mbaya, ila chuma kinachokaa bure humnyima usingizi. Tukakaa kikao sebuleni, kaka akaandika hoja zake ukurasa mzima, na baba akakubali upesi mno. "Kama haina kazi hapa," alisema, "iende penye kazi." Halafu akageuka akawa anatazama kalenda ya mwaka uliopita.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Bila kuombwa na mtu nilitangaza kwamba injini ya dizeli haina kiapo na dizeli. Inaweza kunywa mafuta ya mimea, nikasema, na mimi mwalimu wa kemia nitaitengenezea mafuta hapa hapa nyumbani, tusage kwa bei ya chini kuliko umeme. Nikayaandika yote hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Baba alisoma mara mbili, akavua miwani. "Ikiwaka mbele ya huyo mtu," akasema, "inabaki. Ikigoma, aichukue." Kaka akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililoniharibu kabisa, kwa sababu mimi nikichekwa huwa sirudi nyuma hata pale ninapopaswa.

Mafuta nilikuwa nimeshayachagua. Kwetu kuna mbono, mmea ambao mbuzi na ng'ombe hawauli, ndiyo maana watu huupanda kuzungushia maboma. Haufi kwa ukame, ndiyo maana huupanda pia kuzungushia makaburi. Jina lake kamili ni mbono kaburi, na mtu mwenye akili zake angelisikiliza hilo jina kwa makini. Mimi nilijali habari za mbegu tu: zina mafuta mengi, haziliwi, na hazina mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo nililokosea. Uzio wa boma letu ulikuwa umepukutika wote, lakini nyuma ya nyumba, kuzunguka kaburi la babu, mbono ilikuwa imebeba mpaka matawi yanainama. Nikachuma magunia mawili, nikivunja matawi yaliyonizuia, na nikajipongeza kwa kuondoa uchafu kaburini.

Kinu cha mkono cha kukamulia alizeti nilikiazima kwa kikundi cha akina mama wa kanisani. Nilipowaeleza kwamba nakamulia mbono, ambayo ni sumu, walitazamana, wakaniambia kwa upole kwamba nisihangaike kukirudisha.

Kwanza nilijitia utaalamu. Dizeli ya mimea ninayoifundisha darasani hupatikana kwa kuchanganya mafuta na spiriti na kostiki soda. Ukipatia, kilicho kizito kinatuama chini na kilicho chepesi kama dizeli kinabaki juu. Nikavaa koti langu jeupe la maabara, ambalo nilikuwa nimebeba kutoka Ngokolo kwa sababu ambazo leo sizijui. Nikachanganya kwenye ndoo, nikakoroga kwa mwiko, nikangoja. Nilichosahau ni kwamba mbegu hazikuwa zimekauka na mafuta yalikuwa na maji. Alasiri mwiko ulisimama wenyewe katikati ya ndoo. Nilikuwa nimetengeneza sabuni. Ilikuwa sabuni nzuri, naomba hilo lieleweke. Jirani mmoja alikata kipande akafulie, na kesho yake wakaja wengine watatu na visu vyao. Kaka alipopiga simu kuuliza kazi inakwendaje, nilimwambia inatoa povu.

Nikaacha koti la maabara. Mbegu zilizobaki nilizianika mpaka zikalia mfukoni, nikakamua, nikapasha mafuta moto na kuyachuja kwa kanga mbili. Injini ya zamani kama ile, isiyo na madoido, inaweza kunywa mafuta hayo yalivyo. Siku moja mchana, kaka alipokuwa amekuja na kumpeleka baba mjini kupimwa macho, niliyamimina kwenye tangi juu ya mabaki ya dizeli ya zamani, nikazungusha hendeli mpaka nikaona nyota, na injini ikawaka. Ikaunguruma nusu saa nzima. Moshi wake ulinukia karanga zilizoungua, na kuku wote wa jirani wakaja kuangalia. Nilicheza peke yangu mle kibandani, mwalimu mzima. Nikaizima, nikafunga mlango, na baba aliporudi sikumwandikia neno. Nilitaka Jumamosi aisikie mwenyewe.

Jumatano ndipo alipofika shangazi kutoka Geita, ambako ana mgahawa wa wachimbaji. Kwetu shangazi tunamwita sengi, na huyu ni sengi kweli kweli, dada mkubwa wa baba. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na mabegi mawili, na kabla hajanywa hata maji akaenda nyuma ya nyumba kumsalimia baba yake. Alirudi taratibu.

"Nani amemvua baba yangu nguo?"

Nilimwamkia kwanza. Aliitikia marahaba bila kunitazama. Nikamweleza habari ya mafuta, injini, na mtu wa karasha. Nilitegemea matusi, kumbe alivuta kigoda akakaa.

"Ulimwomba?"

"Nimwombe nani, Sengi?"

"Mwenye mbegu."

Nilisema mbegu ni mbegu, na kilichomo ndani yake ni mafuta tu. Sengi akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," alisema, "baba yangu hakuwahi kuifanya hata kazi aliyoombwa. Hii ambayo hakuombwa ndiyo ataifanya?"

Akachukua daftari la baba, akaandika kwa herufi kubwa kwamba binti yake amemkamua babu na kumtia kwenye injini. Baba alisoma. "Baba amekufa," akajibu, "na injini ni chuma." Akamrudishia daftari akajifunika blanketi. Mzee wa kanisa asingeweza kusema vinginevyo, nami nilifurahi kupata mtu wa upande wangu, hata kama alikuwa amelala.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kuijaribu injini, ikagoma. Nilizungusha hendeli mpaka viganja vikatoka malengelenge. Sengi alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Saa ngapi sasa hivi?"

"Saa moja."

"Basi unajisumbua. Huyo hakuwahi kuamka kabla ya jua kufika mlangoni."

Kwa bahati mbaya ilikuwa kweli. Babu yangu alikuwa na mgongo ulioanza kuuma mvua za kwanza zikinyesha na kupona siku ya kuvuna. Aliwahi kuposa binti wa jirani, akaenda nyumbani kupumzika kidogo, na hakurudi kumalizia. Binti huyo sasa ni bibi kizee, bado jirani yetu, na habari zilipomfikia kwamba marehemu yupo kwenye injini, alikuja na mkongojo wake akasimama mbele ya tangi. "Mwangaluka," akaiamkia kwa Kisukuma. Alisubiri muda wa kutosha kuitikiwa. Halafu akasema ndivyo alivyokuwa siku zote, akaenda zake.

Mchana wa saa saba, jua likiwa limechoma bati, injini ilikohoa mara mbili ikazima. Kijiji kikapata ushahidi wote kiliouhitaji. Ijumaa ikawa vile vile. Nikamweleza Sengi, kwa subira ndogo niliyokuwa nayo, kwamba ni baridi ya mwezi wa sita: mafuta ya mbono yanakuwa mazito asubuhi, hayapiti vizuri kwenye pampu, na nozeli inashindwa kuyarusha. Sengi akasema ndiyo hayo hayo anayosema yeye. Usiku sikuwaza kemia. Niliwaza Jumapili baba ataamka saa ngapi, na kama ataamka.

Jumamosi, saa moja na nusu, lori la Kanta likaingia uani na kaka, mwenye karasha, dereva, na vijana wanne wenye kamba na magogo ya kuviringishia. Mwenye karasha alikuwa mtu wa mbali, wa mkoa mwingine, mpole, mwenye saa kubwa. Alimwamkia kila mtu, hata mimi ambaye tulilingana umri. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani kama mtu anayesindikiza maiti, na mimi hilo shati lilinikata maini.

Nikazungusha hendeli. Haikuwaka. Kaka akanipokea, akazungusha mpaka jasho, na nitamsifu kwa hili: alizungusha kwa nguvu zake zote, hakufanya ujanja. Haikuwaka. Wale vijana wanne wakapokezana. Injini ilikuwa inatoa mihemo mirefu tu na harufu ya karanga mbichi. Baba akaja akaweka kiganja juu ya gurudumu, akakiacha hapo. Nadhani alikuwa anangoja kuhisi kitu. "Ichukueni," akasema. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango, asione ikipakiwa.

Nilikaa chini kwenye vumbi la unga. Nilimkasirikia kaka, umeme, mwezi wa sita na babu, kwa mpangilio huo, na zaidi ya wote nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mzee kitu kwa maandishi.

Ndipo Sengi akatokea na kopo. "Mnamwamsha mkavu?" akauliza.

Ndani ya kopo mlikuwa na pombe ya mtama.

"Sengi, usimimine hiyo humo."

"Baba yangu hakuwahi kunyanyuka mkavu," alisema, akiendelea kuja. "Mama alikuwa anamwekea kibuyu kando ya kitanda, pombe nyepesi, ile ya juu juu. Anapiga funda mbili, kifua kinafunguka, ndipo anaamka. Akishapata joto sasa mpe chochote, hata uji wa jana atakunywa. Wewe na baridi hii unamwanzishia uji mzito. Hata wewe ungeamka?"

Nilikuwa nimeshika kopo ili kumnyang'anya, na nikabaki nimelishika. Kwanza chepesi, akipata joto ndipo kizito. Nilikumbuka mabaki ya dizeli yaliyokuwemo kwenye pampu siku ile ilipowaka. Injini haikuwaka kwa mafuta yangu. Iliwaka kwa yale mabaki, na mbono ikafuata wakati chuma kimeshapata moto. Halafu mimi nikaizima ikiwa imejaa mbono mpaka puani, na ikaganda hapo. Nimefundisha mnato na uzito wa vimiminika miaka minane, na nilikuwa nimeelezwa somo langu mwenyewe na mtu mwenye kopo la pombe.

"Dizeli," nikasema. "Nataka dizeli lita moja."

Nyumbani hatukuwa na dizeli hata ya kupakia kidonda. Senta ni mbali, na vijana walikuwa wameshaanza kulegeza bolti. Dizeli pekee iliyokuwepo ilikuwa ndani ya ile Kanta. Mimi nilikosa uso wa kuiomba. Sengi hakukosa. Alimwendea mwenye karasha, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Baba, mzee wetu anaomba kidogo cha kuamkia."

Mwenye karasha alitazama kopo, akachungulia pembeni ya nyumba akaona uzio uliopukutishwa kule kaburini, akawatazama vijana wake, ambao walikuwa wamerudi nyuma hatua tatu bila kuagizwa. Watu wa machimboni hawachezi na mambo ya wenye ardhi. Wanaingia chini yake kila siku. "Mpeni mzee," akamwambia dereva. Dereva akaingiza mpira kwenye tangi la gari, akavuta kwa mdomo, akatema, akatujazia jagi.

Nikaondoa mbono yote kwenye tangi, nikasuuza bomba, nikamimina dizeli, nikatoa upepo kwenye pampu. Kaka, ambaye alikuwa anajiandaa kuuza, alishika hendeli bila kuambiwa. Akazungusha, na injini ikaanza kugonga. Tu. Kimya. Tu. Tu. Halafu injini ikashika, gurudumu likachukua kasi yake lenyewe, bati la kibanda likaanza kutetemeka na vumbi la miezi minane likatushukia vichwani. Nikaiacha ipate joto mpaka sikuweza kuweka mkono, nikarudisha mbono kidogo kidogo, ikanywa yote bila kubadili sauti. Mwenye karasha akasogea karibu na kaka akamwambia sikioni kwamba sasa ndiyo anaitaka kweli. Kaka alimtazama kwa huzuni ya mtu aliyejipotezea mteja kwa mikono yake mwenyewe.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Baba alitoka akiwa na ndala moja, shati la kanisani limefunguliwa nusu, uso umeelekea kibandani. Hakuna aliyekwenda kumwita. Hakuna ambaye angeweza.

"Nani amemwamsha Baba?" akauliza.

Sengi alinitazama mimi. Baba akapita katikati yetu, akavuta kigoda, akaegemeza mgongo ukutani, akafumba macho. Nilisema ni moshi uliokuwa unaniingia machoni, na watu wakaniheshimu wakakubali kwamba ni moshi.

Mwenye karasha alisaga debe la mahindi kwa ajili ya safari, akaondoka na kamba zake. Jioni, kabla ya kuzima, niliisuuza kwa dizeli iliyobaki kwenye jagi, ili isilale na mbono kwenye pampu. Sengi akaeleza watu wote waliokuwepo kwamba hata jioni babu alikuwa hapitiwi na usingizi bila funda moja. Nikaacha kubishana. Kabla hajarudi Geita alipanda mbono mpya pale kaburini kufidia matawi niliyoyavunja, na akanifundisha maneno ya kumwomba mwenye mbegu. Nayasema, kwa sauti ndogo, nikiwa na uhakika hakuna mwanafunzi wangu karibu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi iliyofuata, Jumapili. Mlango wangu uligongwa kwa ngumi, kisha kwa kitu cha plastiki. Nikafungua nikiwa na shuka begani. Alikuwa baba, amevaa ovaroli, ameshika kidumu cha dizeli ambacho alikuwa amekwenda kukifuata senta kwa baiskeli.

"Amka, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, na nadhani mpaka Mwadui walisikia. "Mzee anasubiri chake."

Nikamwandikia kwenye daftari kwamba leo ni siku ya ibada na ndiyo kwanza kunapambazuka. Akasoma, akaniambia ibada ni saa nne, akaenda kibandani. Nilibaki nimesimama mlangoni, na mimi, mjukuu halali wa babu yangu, nilikuwa bado nataka kulala.